Hatari isiyo na harufu

Tembo akitoka msituni usiku na kuingia shamba la viazi Kibirichia, kijiji hakilali. Mabati yanagongwa, tochi zinamulika huku na huku, vijana wanapiga kelele, na aliyemwona mnyama huyo kwanza anawapigia majirani simu hata kabla hajavaa viatu. Watoto wanafungiwa ndani. Kufikia saa nne asubuhi, kila mwenye duka sokoni anajua ni shamba la nani lililokanyagwa na ni magunia mangapi yamepotea.

Asubuhi hiyohiyo, katika mashamba hayohayo, vijana wanajitwika mgongoni pampu za lita 20 zilizojaa dawa ya kuua ukungu wa viazi. Baadhi ya pampu zinavuja. Dawa inalowesha shati, inateremka kiunoni na kuingia ndani ya suruali. Wanaikoroga kwa kijiti, na kijiti kikikosekana mkono unafanya kazi. Wakati wa chakula wanajifuta viganja kwenye nyasi, wanakaa ukingoni mwa shamba na kula githeri. Hakuna anayegonga bati.

Maofisa wengi wakiulizwa kwa nini iko hivi, hutoa jibu la haraka: wananchi hawajaelimishwa. Mimi silikubali jibu hilo. Mkulima wa Kibirichia anapiga hesabu kila siku ya maisha yake, na ni hodari wa kuipiga. Kinachomponza ni kwamba anapima hatari kwa pua, kwa macho na kwa mazoea, na vipimo hivyo humdanganya mahali pale hasa ambapo madhara ni makubwa. Wenye wajibu wa kumpa kipimo bora wamemwachia hivyo alivyonavyo.

Kibirichia ni wadi katika eneo bunge la Buuri, Kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Huko kuna baridi, na baridi ndiyo iliyolifanya kuwa eneo la viazi. Nchini Kenya viazi ni zao la pili la chakula baada ya mahindi, na Meru ni miongoni mwa kaunti zinazotegemewa kwa zao hilo. Wakulima wengi hupanda aina iitwayo Shangi kwa sababu hukomaa haraka, kwa takriban miezi mitatu, na ina soko. Lakini ubaridi na unyevu unaostawisha viazi ndio pia unaostawisha baka chelewa, ugonjwa unaoweza kumaliza shamba zima katika siku chache. Ugonjwa huohuo ndio ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na njaa iliyofuata ikaua watu wapatao milioni moja.

Kwa hiyo anayepuliza dawa bila glavu si mtu asiyejali hatari. Ameshachagua kati ya hatari mbili. Baka chelewa anaiona: majani yanakuwa meusi mbele ya macho yake, pamoja na karo ya shule na deni la mbegu. Madhara ya dawa hayaonekani. Mankozebu, mojawapo ya dawa za ukungu zinazotumika sana nchini, haimwangushi mtu siku aliyoipuliza. Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa idhini yake mwaka 2020, na miongoni mwa sababu ni madhara yake kwa uzazi na homoni. Madhara ya aina hiyo hayaji na kilio kijijini. Yakija, huja baada ya miaka, na hakuna atakayeyahusisha na pampu iliyovuja.

Sasa tuangalie vipimo vyenyewe, tukianza na pua. Wakulima wengi wanaamini kwamba dawa kali ni ile inayonuka vibaya, na isiyo na harufu ni nyepesi. Ndiyo maana mtu akijikinga, jambo la kwanza analolifanya ni kujifunga kitambaa puani. Kumbe kwa anayepuliza shambani, njia kuu ya dawa kuingia mwilini ni ngozi: mikono wakati wa kuchanganya, mgongo pampu inapovuja, mapaja anapotembea kati ya majani yaliyolowa. Kitambaa puani hakizuii lolote kati ya hayo, tena kikishalowa dawa kinaibana sumu usoni. Ukali wa dawa umeandikwa kwenye kopo kwa rangi, kuanzia nyekundu kwa zile kali zaidi, kisha njano, buluu na kijani. Lakini dawa nyingi hununuliwa zikiwa zimepimwa kidogokidogo na kutiwa katika chupa ya soda, na chupa ya soda haina rangi hiyo wala maelezo.

Halafu kuna maziwa. Kutoka Meru hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, wapuliza dawa hunywa maziwa baada ya kazi ili "kuosha sumu". Mwenye shamba mwema humwekea kibarua wake nusu lita, naye kibarua huenda nyumbani akiwa ametulia. Desturi hii ni ishara ya watu wanaojua kuwa kuna hatari na wanaotaka kutunzana, na hilo ni jema. Lakini maziwa hayaifikii sumu iliyopita kwenye ngozi, na kwa aliyemeza baadhi ya dawa, mafuta ya maziwa yanaweza kuisaidia sumu kuingia mwilini. Kinachosaidia ni kuvua nguo zilizolowa papo hapo, kuoga kwa sabuni na maji mengi, na mtu akijisikia vibaya apelekwe hospitalini pamoja na kopo la dawa, ili daktari ajue anapambana na nini. Fedha ya maziwa ya wiki chache ingeweza kununua glavu.

Kila mwaka wakulima na vibarua wengi duniani hudhurika kwa dawa za mashambani bila kukusudia. Wengi hawafi. Wanaumwa kichwa, wanahisi kizunguzungu, macho yanawasha, wanatapika, kisha kesho yake wanarudi kazini. Kwa sababu kesho yake wanarudi kazini, kila mmoja anapata ushahidi mpya kwamba dawa haidhuru. Hivi ndivyo mazoea yanavyofundisha uongo: kila siku uliyosalimika inahesabika kama uthibitisho.

Pua inadanganya pia ndani ya nyumba. Kati ya Juni na Agosti, upepo wa mlima unaposhuka Kibirichia, jiko la makaa ndilo kipasha joto cha nyumba nyingi. Watu wanauogopa moshi. Wanawasha jiko nje, wanasubiri makaa yawe mekundu na moshi uishe, kisha wanaliingiza chumbani, wanafunga dirisha na kuziba nyufa kwa matambara. Wanaamini hatari imekwisha pamoja na moshi. Haijaisha. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, uchovu na usingizi, yaani dalili zilezile za mtu aliyetoka shambani jioni. Anayelala akiwa na jiko chumbani haamshwi na kitu. Pasheni nyumba joto kabla ya kulala, mtoe jiko nje, na mwache dirisha wazi kidogo hata kama baridi itaingia. Baridi blanketi inaiweza.

Ulimi nao hudanganya. Mwezi Mei mwaka 2014, watu zaidi ya 60 walikufa katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa kati ya zilizoumia zaidi, baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli. Waliosalimika wengine walipofuka. Ulimi hauwezi kutofautisha methanoli na pombe ya kawaida. Jambo linalonihuzunisha zaidi katika mkasa ule ni kwamba wanywaji walikuwa wamejipatia kinga yao wenyewe, nayo ni muuzaji wanayemjua. Ukinunua kwa mtu wa mtaa wako, unayemsalimia kila siku, unahisi uko salama. Naye muuzaji alikuwa amepokea mtungi kwa mtu mwingine anayemwamini. Uaminifu ukapita mkono kwa mkono hadi kaburini.

Kwa zaidi ya nusu karne, wataalamu wamechunguza jinsi watu wanavyopima hatari. Mwaka 1969, mhandisi Mmarekani Chauncey Starr alieleza kwamba watu hukubali hatari walizozichagua wenyewe hata kama ni kubwa mara elfu moja kuliko zile wanazobebeshwa na wengine. Mwanasaikolojia Paul Slovic, katika makala yake ya mwaka 1987, alionyesha kwamba watu wa kawaida hawapimi hatari kwa idadi ya vifo peke yake. Wanauliza kama inatisha, kama inaua wengi kwa pamoja, kama ni ngeni, kama wana uwezo wa kuidhibiti. Hayo si maswali ya wajinga. Lakini yakijibiwa na hisia peke yake, tembo anashinda pampu, na basi linaloanguka bondeni linashinda pikipiki inayomgonga mtu mmoja leo na mwingine kesho.

Hakuna mahali ambapo hili linaonekana wazi kama barabarani. Itaje Nithi mbele ya mtu yeyote wa Meru, uone uso wake. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa liliacha njia kwenye daraja la mto Nithi, Tharaka Nithi, likaporomoka bondeni na kuua watu zaidi ya 30. Haikuwa ajali ya kwanza pale. Tangu zamani abiria wengi wakifika kwenye mteremko ule hunyamaza, na wengine hufumba macho na kuomba. Hofu hiyo ni ya haki, na madai ya kutaka barabara ile ijengwe upya ni ya haki pia.

Lakini abiria huyohuyo aliyeomba pale Nithi, akifika Meru mjini, anaingia kwenye Probox ya kumpeleka nyumbani. Gari ni la watu watano pamoja na dereva. Wa sita anaingia, wa saba anapakatwa, watoto wanawekwa nyuma kwenye buti pamoja na mizigo, na mtu mmoja anagawana kiti na dereva mwenyewe, kiasi kwamba gia inabadilishwa kati ya magoti ya mgeni. "Songa kidogo mama, tubebane," dereva anasema, na mama anasonga. Hakuna anayefumba macho kuomba. Dereva ni kijana wa kwao, njia wanaijua kila kona, na jua linazama. Siku za soko utaona wengine wamekaa juu kabisa ya magunia ya viazi kwenye lori, wakipunga mikono.

Kwa mujibu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, watu 4,748 walikufa barabarani nchini Kenya mwaka 2024. Kundi kubwa kuliko yote ni la wanaotembea kwa miguu, likifuatiwa na la waendesha pikipiki. Wengi wao walikufa mmoja mmoja, katika ajali ambazo hazikutajwa redioni. Abiria wa bodaboda akipewa helmeti anaikataa kwa sababu inanuka jasho la aliyemtangulia, au anahofia ugonjwa wa ngozi. Pua tena. Ukaguzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia nyepesi ya kitambaa ndani ya helmeti, ambayo kila mtu anaweza kutembea nayo mfukoni, ingemaliza ubishi huu.

Narudi kwa tembo, kwa sababu kuna jambo kumhusu ambalo limenigusa kuliko yote. Tembo ana ofisi. Kuna Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, la kupigiwa simu. Kuna ua wa umeme ambao shirika la Rhino Ark lilianza kuujenga kuzunguka msitu wa Mlima Kenya mwaka 2012. Kuna ushoroba wa kilomita 14 hivi unaouunganisha mlima na msitu wa Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa, wenye njia ya chini kwa chini inayopita chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru, ambayo tembo walianza kuitumia mwaka 2011. Na kuna sheria: Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Fidia hizo zimecheleweshwa mno, na wanaozidai wana haki ya kukasirika, lakini angalau wanajua wakasirike mlango gani.

Kibarua aliyedhurika na dawa hana mlango anaoujua. Hajui simu ya kupiga wala ofisa wa kumwita aje kupima. Hajaandikwa popote kwamba alifanya kazi kwa fulani siku hiyo. Wengi hulipwa kwa idadi ya pampu walizomaliza, na anayesimama kuvaa na kuvua vifaa anapoteza pampu. Naamini sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzembe wa wananchi ni hii. Watu huziona hatari ambazo jamii imezipa mwenyewe, jina, ofisi na gharama. Zisizo na mwenyewe huwa sehemu ya hali ya hewa.

Je, watu wanaweza kubadilika? Wanaweza, na Kenya yenyewe imeonyesha, ingawa si kwa njia ambayo serikali huipenda. Njia ya serikali ni amri. Mwezi Februari 2004, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, alilazimisha matatu kufunga mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Siku za kwanza watu walitembea kwa miguu kwa kukosa magari, kisha wakafurahia kuketi bila kubanwa. Baada ya muda ukaguzi ukalegea, mikanda ikajaa vumbi, na mengi yakarudi yalivyokuwa.

Njia ya pili ilikuwa ndogo na ya gharama ya chini sana. Wachumi James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walibandika vibandiko ndani ya matatu za Kenya vikiwaambia abiria wasinyamaze dereva anapoendesha vibaya. Madereva waliovitunza vibandiko waliingizwa katika bahati nasibu ndogo. Katika jaribio la kwanza, madai ya bima ya ajali kwa magari yenye vibandiko yalipungua kwa takriban nusu. Katika jaribio la pili, lililohusisha magari zaidi ya 10,000 na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015, yalipungua kati ya robo na theluthi. Kampeni hiyo ikaja kujulikana kote nchini kwa neno moja: Zusha!

Kibandiko hakikumfundisha abiria jambo jipya. Tangu hapo alijua mwendo wa kasi unaua. Alichokosa ni ujasiri wa kuwa wa kwanza kusema "Dere, punguza" huku wengine kumi na watatu wakitazama nje ya dirisha. Kibandiko kilimwambia kwamba hao wengine wanafikiri kama yeye na kwamba watamuunga mkono. Hofu ilikuwepo ndani ya gari muda wote, imekaa katika kila kiti, lakini kila mmoja alidhani ni yake peke yake.

Jambo hilo linaweza kuhamishwa hadi shambani. Kibirichia ina vyama vya wakulima wa viazi, vikundi vya akina mama na vikundi vya kanisa vinavyochanga kila wiki. Kikundi kinaweza kununua seti chache za glavu, gambuti na ovaroli, zikazunguka kama vile sufuria za harusi zinavyozunguka. Agroveti, yaani mwenye duka la dawa za mashambani, anaweza kukataa kupima dawa katika chupa ya soda, na wateja wakamuunga mkono badala ya kuhamia duka jirani. Chifu, ambaye baraza lake hujaa tembo akitoka, anaweza kuuliza katika baraza hilohilo ni kina nani waliolala hoi wiki hii baada ya kupuliza dawa. Swali hilo likiulizwa hadharani mara moja tu, mikono itakayoinuka itawashangaza wengi.

Na wewe mwenye shamba, unayepanga kuita vijana wakupulizie viazi wiki ijayo: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga bila kumtoza hata senti. Wape glavu, gambuti na ovaroli kabla hawajaigusa dawa, rekebisha pampu inayovuja, wawekee maji na sabuni mahali pa kuoga. Usiwalipe kwa pampu. Walipe kwa siku.